Tangi la maji lisianguke: Jinsi ya kujenga kichanja imara cha mbao Arua na Koboko

Kila mvua za kwanza zinapokaribia katika eneo la West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, maduka ya vifaa vya ujenzi huanza kuuza matangi ya plastiki kwa wingi. Mwenye nyumba hununua tangi, hufunga gata kwenye ukingo wa paa, kisha humwita fundi amtengenezee kitu cha kulipandishia. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayofikiriwa kwa muda mfupi zaidi, na ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote.

Tangi la lita 500 likijaa lina uzito wa nusu tani. Likiporomoka, mwenye nyumba hupoteza maji na fedha alizolipia. Likimwangukia mtoto aliyekuja na kibuyu au jerikeni, hasara hiyo haina fidia. Makala hii inaeleza uzito huo unapita wapi, mbao zipi zinafaa, na ni mambo gani yanayokifanya kichanja kidumu kwa miaka badala ya miezi.

Kwa nini maji ya paa yana thamani

Arua, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji Julai 2020, hupata maji yake ya bomba kutoka Mto Enyau, chini ya Shirika la Taifa la Maji na Majitaka. Hata hivyo, familia nyingi za pembezoni mwa jiji, pamoja na zile za vijiji vya Koboko kuelekea mipaka ya Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, bado hutegemea visima vya pampu, chemchemi na vijito. Katika makazi ya wakimbizi kama Rhino Camp, Imvepi na Lobule, foleni ya maji ni sehemu ya kila siku. Mara nyingi wanaosimama katika foleni hiyo ni wanawake na watoto.

Mvua si haba. West Nile hupokea zaidi ya milimita 1,200 kwa mwaka, nyingi zikinyesha kati ya Aprili na Novemba. Kinachokosekana ni mahali pa kuyaweka maji hayo kabla ya kiangazi kinachoanza Desemba.

Hesabu yake ni nyepesi. Milimita moja ya mvua inayoanguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la bati la mita 5 kwa 6 ina mita za mraba 30. Mvua moja ya milimita 20 huleta lita 600 juu ya paa hilo. Ukitoa moja ya tano inayomwagika, kuruka nje ya gata au kukauka juu ya bati, zinabaki lita 480. Mvua ya alasiri moja, basi, inakaribia kulijaza tangi la lita 500. Familia ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 20 kwa siku, inapata maji ya siku nne bila mtu kwenda kisimani.

Tangi hilo haliwezi kuivusha familia kiangazi kizima. Lakini katika miezi minane ya mvua linaweza kuokoa mamia ya safari. Nyumba ya nyasi haifai kwa kazi hii, kwa kuwa maji yake hutoka na uchafu na rangi ya majani. Ndiyo maana wengi huanzia kwenye jiko au banda lililoezekwa kwa bati.

Uzito usioonekana

Maji hayaonekani kuwa mazito kwa sababu watu huyabeba kidogo kidogo. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Jerikeni la lita 20 ni kilo 20. Tangi la lita 500 ni sawa na majerikeni 25 yaliyopangwa juu ya meza moja, na tangi la lita 1,000 ni tani nzima, mzigo ambao mtu mwenye busara hataupakia kwenye gari dogo.

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba kichanja huanguka kwa sababu nguzo zake ni nyembamba. Kwa kweli, mbao zina nguvu kubwa sana zikibeba mzigo kwa wima, kufuata mkondo wa nyuzi zake. Nguzo fupi ya mkaratusi mkavu yenye unene wa inchi 4 inaweza kuhimili tani kadhaa bila kupondeka. Vichanja huanguka kwa sababu nyingine nne: msumari unakatika au kuchomoka pale boriti inapokutana na nguzo, ardhi inalegea chini ya mguu mmoja, muundo wote unayumba kando kwa kukosa mikono ya mshazari, na mchwa au uozo unaila mbao karibu na udongo, mahali ambapo jicho halifiki.

Sababu hizo zote zinaweza kuzuiwa, na kuzizuia ni kazi ya mpangilio mzuri zaidi kuliko kazi ya fedha.

Kimo: kifupi ni salama

Kabla ya mbao kununuliwa, swali la kwanza ni urefu wa kichanja. Watu wengi hutaka tangi lipande juu wakiamini kwamba maji yatatoka kwa nguvu. Nguvu ya maji hutokana na kimo, lakini si kwa kiasi kinachodhaniwa. Maji yanahitaji kimo cha mita 10 ili yapate mgandamizo unaolingana na ule wa hewa inayotuzunguka. Kichanja cha mita 2 kinatoa moja ya tano tu ya kiasi hicho. Kinatosha kwa bomba la jikoni, lakini hakitafanya bafu la mvua lirushe maji kwa kasi.

Kwa upande mwingine, kila kimo kinapoongezeka, hatari nayo inaongezeka. Nguzo ndefu hupinda kirahisi, upepo hupata mahali pa kusukuma, na mzigo ukianza kuinama hauna tena njia ya kurudi.

Kwa familia inayokinga maji ya paa na kuyachota kwa jerikeni, kimo cha sentimita 60 kinatosha. Jerikeni la lita 20 linaingia chini ya bomba na bado inabaki nafasi ya mkono. Tangi linapaswa pia kubaki chini ya ukingo wa paa, la sivyo maji hayatashuka kutoka kwenye gata kuingia ndani. Kichanja kirefu kina maana pale tu ambapo mabomba yanaingia ndani ya nyumba, na hapo chuma au nguzo za zege zinafaa kuliko mbao.

Mbao zipi?

Soko la mbao la Arua hukutanisha bidhaa za pande nyingi. Mbao ngumu huvuka kutoka Kongo kupitia Vurra, huku mikaratusi, misonobari na mitiki ikitoka katika mashamba ya miti ndani ya Uganda. Mkaratusi una historia ndefu huko: tumbaku, iliyokuwa zao kuu la biashara la West Nile kwa miaka mingi, ilihitaji kuni nyingi za kukaushia majani, na wakulima walihimizwa kupanda miti inayokua haraka.

Mvule ndio mti ambao mafundi wa Afrika Mashariki huusifu zaidi. Hauliwi na mchwa kirahisi na hustahimili unyevu. Lakini umepungua sana, bei yake ni kubwa, na kichanja cha tangi hakiuhitaji. Mtiki ni mbadala mzuri: una mafuta yake ya asili yanayouzuia kuoza. Mkaratusi una nguvu na hupatikana kwa bei nafuu, ila una tabia moja mbaya. Ukitumiwa ukiwa mbichi, hupinda na kupasuka unapokauka, na kila mpasuko hulegeza bolti. Msonobari ni rahisi kukata na kuranda, lakini huliwa haraka na mchwa usipotiwa dawa, kwa hiyo unafaa kwa ubao wa juu kuliko kwa nguzo.

Iko miti isiyopaswa kuguswa. Mti wa shea, ambao mafuta yake ni riziki ya wanawake wengi wa kaskazini mwa Uganda, na ule wa Afzelia africana, wa jamii moja na mbambakofi wa pwani, imekatwa kwa wingi katika miaka ya karibuni na kilio juu yake ni kikubwa. Mwezi Mei 2023 Rais Yoweri Museveni alitoa amri ya kupiga marufuku biashara ya mkaa unaochomwa kaskazini mwa nchi, kwa sababu ya kasi ambayo miti hiyo ya asili ilikuwa ikitoweka. Mnunuzi wa mbao anayeuliza zimetoka wapi anajilinda pia yeye mwenyewe, kwani mbao zisizo na vibali zinaweza kukamatwa njiani.

Ukavu wa mbao unaweza kupimwa bila chombo. Ubao mkavu ni mwepesi ukilinganishwa na mbichi wa ukubwa uleule, na ukigongwa kwa kidole cha mkunjo hutoa sauti kali, si ya kufifia. Msumari ukipigwa kwenye mbao mbichi, majimaji huonekana pembeni yake. Mbao zilizonunuliwa mbichi hupangwa kivulini, zikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, kwa wiki kadhaa kabla ya kutumika.

Ni vyema pia mnunuzi awe na tepe yake. Ubao unaoitwa «nne kwa mbili» mara nyingi haufiki inchi 4 wala 2, kwa sababu msumeno umekula sehemu yake au mpasuaji amebana. Hesabu ya uzito hufanywa kwa kipimo halisi, si kwa jina la sokoni.

Mguu usizame

Chukua kichanja cha nguzo nne kilichobeba tangi la lita 500. Maji, tangi na mbao zenyewe hukaribia kilo 560, yaani kilo 140 kwa kila nguzo. Nguzo ya inchi 4 kwa 4 ina kitako cha takriban sentimita za mraba 100. Kila sentimita ya mraba ya ardhi, basi, inabeba kilo 1.4. Wakati wa kiangazi udongo mgumu unauvumilia mzigo huo. Baada ya wiki mbili za mvua, udongo wa mfinyanzi ulioloa hauwezi.

Nguzo hiyohiyo ikiwekwa juu ya kitako cha zege au jiwe bapa la sentimita 30 kwa 30, uzito unatawanyika kwenye sentimita za mraba 900. Kila sentimita sasa inabeba chini ya robo ya kilo. Ni kanuni ileile inayomwezesha mtu kuvuka tope akikanyaga ubao, ilhali akikanyaga kwa kisigino huzama.

Kwa hiyo kazi huanzia chini. Mahali panaondolewa majani na udongo wa juu wenye mboji, kwa kina cha sentimita 20 hivi, mpaka udongo thabiti uonekane. Kila shimo hushindiliwa, huwekwa kokoto, kisha kitako cha zege au jiwe. Vitako vyote vinne lazima viwe katika usawa mmoja. Fundi asiye na pimamaji anaweza kutumia mpira mwembamba unaopenya mwanga uliojazwa maji: ncha mbili za mpira zikiinuliwa, maji husimama katika usawa mmoja pande zote mbili, hata kama nguzo ziko mbali.

Mguu mmoja ukizama sentimita mbili tu, mzigo hauendelei kugawanyika sawa. Nguzo mbili za kona zinazotazamana hubeba karibu zote, na tangi huanza kuegemea. Kutoka hapo, kila mvua huongeza tatizo.

Kuunga nguzo na boriti

Kwa tangi la lita 500 kichanja cha mita moja kwa mita moja kinatosha. Mifupa yake ni nguzo nne za inchi 4 kwa 4, boriti mbili kubwa, viunzi vitano vinavyolala juu ya boriti hizo, na mbao za sakafu.

Jambo kuu ni namna boriti inavyokutana na nguzo. Fundi mwenye haraka huibandika boriti ubavuni mwa nguzo na kupiga misumari mitatu. Hapo nusu tani ya maji inaning'inia kwenye vipande vya chuma vyembamba kuliko penseli. Misumari hiyo hupata kutu, mbao hukauka na kulegea, na siku moja boriti hushuka bila onyo.

Njia sahihi ni kukata bega. Kichwa cha nguzo hukatwa kwa msumeno na patasi ili sehemu ya unene wake iondolewe, na boriti ikae juu ya sehemu iliyobaki. Uzito unapita kutoka mbao kwenda mbao, moja kwa moja hadi chini. Kisha bolti moja au mbili zenye nati na washa pana hupenya nguzo na boriti pamoja. Kazi ya bolti hizo ni kuzuia boriti isitoke mahali pake tu. Mzigo unabebwa na bega.

Boriti na viunzi husimamishwa kwa ubavu mwembamba, havilazwi. Ubao wa inchi 4 kwa 2 ukisimama ni mgumu mara nne kuliko uleule ukilazwa. Mtu anaweza kulithibitisha hili kwa rula ya shule: ikilazwa hupinda kwa kidole kimoja, ikisimamishwa haipindi.

Viunzi vitano hupangwa kwa nafasi zilizo sawa, na juu yake huja mbao za sakafu zenye unene wa angalau inchi moja na nusu. Kati ya ubao na ubao huachwa mwanya mdogo wa kupitisha maji, usiozidi upana wa kidole. Tangi la plastiki linahitaji kukaa juu ya sakafu tambarare kwa kitako chake chote. Likiwekwa juu ya fito zilizoachana, plastiki hushuka kati ya fito, hufanya makunyanzi, na baada ya muda hupasuka chini. Kichwa cha msumari kilichojitokeza hufanya madhara hayohayo, hivyo misumari yote ya sakafu hudidimizwa.

Ili kuhakikisha kichanja ni mraba kamili, fundi hupima kutoka kona hadi kona. Vipimo viwili vya mshazari vikilingana, kona zote zimenyooka. Visipolingana, hurekebishwa kabla bolti hazijakazwa.

Tangi la lita 1,000 halihitaji mbao nene zaidi, bali miguu mingi zaidi: boriti tatu badala ya mbili, na nguzo tisa katika mistari mitatu. Nguzo ya katikati ndiyo hubeba mzigo mkubwa kuliko zote, kwa hiyo kitako chake kisipuuzwe kwa sababu hakionekani.

Mkono wa mshazari

Muundo wa pande nne hauna nguvu ya kukataa kusukumwa kando. Fremu ya mstatili iliyopigwa msumari mmoja kila kona hulala kirahisi. Ikiongezwa ubao mmoja kutoka kona ya chini hadi kona ya juu, fremu inagawanyika kuwa pembetatu mbili, na pembetatu haiwezi kubadilika umbo bila ubao wake mmoja kuvunjika.

Kila upande wa kichanja unahitaji mkono wa namna hiyo, hata kama kichanja ni kifupi. Mafundi wengi huweka pande mbili tu, ile ya mbele na ya nyuma, kisha kichanja huyumba kushoto na kulia. Pale bomba lilipo, ambapo mkono mrefu ungezuia jerikeni, mikono miwili mifupi ya kona hufanya kazi hiyo.

Upepo nao una sehemu yake. Dhoruba zinazotangulia mvua za kwanza hukuta matangi mengi yakiwa matupu, na tangi tupu la lita 500 ni jepesi kiasi kwamba mtu mmoja hulinyanyua. Kamba imara au ukanda unaolizunguka tangi na kufungwa kwenye boriti, si kwenye mbao za sakafu, hulizuia lisipeperuke. Kuacha maji kidogo chini ya tangi pia husaidia.

Mchwa na maji yanayomwagika

Watoto wa West Nile hufurahia kumbikumbi wanaotoka ardhini mvua zinapoanza, na akina mama huwakaanga na kuwauza sokoni. Kumbikumbi hao ni mchwa waliokomaa na kuota mbawa. Mahali wanapotoka kwa wingi ni mahali ambapo ndugu zao wasio na mbawa wako kazini chini ya ardhi, wakitafuta mbao.

Nguzo iliyofukiwa moja kwa moja kwenye udongo ni mwaliko kwao. Mchwa huingia kwa chini na kula kiini, huku ganda la nje likibaki zima. Nguzo huonekana salama hadi siku inapokatika. Ikisimama juu ya kitako cha zege kilichoinuka sentimita 15 kutoka ardhini, mchwa hulazimika kujenga njia za udongo juu ya zege ili kuifikia mbao. Njia hizo huonekana, na kuzivunja kila wiki huchukua dakika moja.

Desturi ya kupaka nguzo oili chafu ya gari imeenea, lakini haifai karibu na maji ya kunywa. Mvua huiosha oili hiyo hadi kwenye udongo, na mikono ya watoto huigusa. Dawa za mbao zinazouzwa madukani hupakwa kabla ya ujenzi, mbali na tangi, na huachwa zikauke kabisa.

Adui wa pili ni maji yenyewe. Tangi likijaa, ziada inapaswa kutoka kwa bomba la juu na kupelekwa mbali, mita kadhaa kutoka kwenye nguzo, kwenye mfereji au shina la mgomba. Chini ya bomba la kuchotea huwekwa kokoto na mkondo mdogo. Dimbwi linalosimama pale hulainisha ardhi, huozesha mbao na huzaa mbu. Kwa sababu hiyohiyo, mdomo wa tangi hufunikwa kwa wavu mwembamba na kifuniko chake.

Kujaribu kabla ya kuamini

Kichanja kipya hakijazwi kwa siku moja. Siku ya kwanza tangi hutiwa robo. Uzi wenye kizito, yaani timazi, huning'inizwa kwenye kona mbili, na alama huwekwa mahali unapoelekea. Siku ya pili tangi hutiwa hadi nusu, siku ya tatu hadi juu. Timazi ikihama, au pimamaji ikionyesha upande mmoja umeshuka, tangi hufunguliwa na kasoro hurekebishwa likiwa tupu. Katika siku hizo watoto hawachezi karibu, na hakuna anayelala upande wa pili wa ukuta ulio jirani.

Mwezi wa kwanza unapokwisha, bolti zote hukazwa tena, maana mbao huwa zimekauka na kusinyaa kidogo. Baada ya hapo ukaguzi mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua na baada yake, unatosha. Bisibisi ikichomwa chini ya nguzo na kuingia bila upinzani, nguzo hiyo inabadilishwa mara moja.

Kanuni hizi kwa hodhi la samaki

Hoteli na baadhi ya nyumba za mjini hupenda kuweka hodhi la kioo lenye samaki sebuleni. Hodhi la urefu wa sentimita 100, upana wa 40 na kina cha 50 linachukua lita 200. Ukijumlisha vioo na changarawe, uzito wake unazidi kilo 250, mara nyingi juu ya meza iliyotengenezwa kubeba televisheni.

Mabega, mikono ya mshazari na miguu yenye usawa vinahitajika huko pia, lakini tofauti moja ni kubwa. Plastiki husamehe, kioo hakisamehi. Meza ikijipinda hata kidogo, kona moja ya kioo hubeba mzigo usio wake na gundi ya maungio huachia. Kwa hiyo nguzo huwekwa chini kabisa ya kona za hodhi, mgongo wa meza huzibwa kwa ubao mzima ili usiyumbe, na kati ya mbao na kioo huwekwa godoro jembamba la sponji ngumu, isipokuwa kama mtengenezaji wa hodhi ameelekeza vingine. Waya wa umeme wa pampu uning'inie chini ya kiwango cha soketi kwanza kabla ya kupanda kwenye soketi hiyo, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme.

Lini mbao zisitumike

Arua na Koboko ni miji ya matofali ya kuchoma. Mwenye kiwanja chake, anayetaka tangi la lita 2,000 au zaidi, hufanya vizuri kujenga msingi wa mviringo wa matofali, ulioshindiliwa kifusi ndani na kumalizwa kwa zege juu. Msingi huo hauliwi na mchwa wala hauyumbi.

Kichanja cha mbao kina nafasi yake kwa mpangaji atakayehama, kwa mkimbizi ambaye hajui atakaa kwenye kiwanja hicho hadi lini, na kwa familia inayoanza na tangi dogo ikitarajia kubwa baadaye. Kikiungwa kwa bolti badala ya misumari, hufunguliwa kwa spana, hupakiwa na kuungwa upya kwingine.

Kinachobaki ni mapatano na fundi. Katika karakana za West Nile, mteja na fundi huweza kuwa wa lugha tofauti: Kilugbara, Kikakwa, Kinubi, Kilingala, Kiarabu cha Juba. Mara nyingi Kiswahili ndicho kinachowakutanisha, lakini majina ya viungo vya mbao hutofautiana hata ndani ya Kiswahili chenyewe. Mchoro mdogo kwenye karatasi, ukionyesha vipimo, mahali pa mabega na pa mikono ya mshazari, huondoa ubishi. Ni vyema malipo ya mwisho yasubiri hadi tangi lijae na timazi isihame kwa usiku mmoja mzima.